Namba "Tasa" Si Tasa

Istilahi ya hisabati haitoshi kuwa fupi wala tamu kinywani; sharti iseme kweli juu ya kitu inachokitaja. Kwa kipimo hicho twadai kwamba jina "namba tasa", wanalofundishwa watoto wetu katika shule za msingi, halifai.

Tuingie darasani Mpanda, makao makuu ya Mkoa wa Katavi ulioundwa mwaka 2012. Mpe mwanafunzi punje 12 za mahindi: atazipanga mistari mitatu ya punje nne nne. Mpe punje 7: hata ahangaike vipi, hapati mistari iliyo sawa ila kwa kuzipanga zote pamoja au moja moja. Basi 7 haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Waliochagua neno "tasa" waliuona ugumu huo, wakaufananisha na tumbo lisilozaa.

Lakini kugawanya si kuzaa. Kuzidisha ndiko kuzaa. 2 mara 3 huzaa 6. 2 mara 3 mara 5 huzaa 30. Kila namba nzima iliyozidi 1, isipokuwa hizo "tasa" zenyewe, ni zao lao. Euclid, yapata mwaka 300 kabla ya Kristo, alithibitisha kuwa hazina mwisho. Wagiriki waliziita namba za kwanza, na Waarabu vivyo hivyo. Sisi tumemwita mgumba mama wa namba zote!

Mwanafunzi aliyeambiwa kuwa 7 haizai, atashangaa kuikuta miongoni mwa wazazi wa 84. Hukariri tu. Baadaye, sekondari, akutanapo na somo hilo kwa Kiingereza, hudhani kosa lilikuwa la Kiswahili. La hasha! Kosa ni la uchaguzi wetu.

Wapo watakaosema neno limekwisha zoeleka na vitabu vimekwisha pigwa chapa. Mazoea hayageuzi uongo kuwa kweli, na vitabu hupigwa chapa upya.

Twapendekeza "namba shina". Mkulima wa Katavi ajua kuwa matawi ya mninga hutoka katika shina, wala shina halitoki katika tawi. Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa kwa sheria mwaka 1967, ndilo lenye kauli ya usanifishaji. Walimu nao ndio wenye ushahidi. Walipime neno hili darasani, na wakipata lisemalo kweli zaidi, walitaje. Jina jema hung'ara gizani; jina baya hutia giza hata palipo na nuru.