VIATU SI ZAWADI

Ndugu wafanyi kazi,

Sisi tunaotengeneza njia ya reli hapa Eldoret twakanyaga kokoto na mataruma tangu asubuhi mpaka jioni. Nyundo ikivunjika huletwa nyingine. Lakini mguu ukiharibika, mwenye mguu huambiwa akapumzike nyumbani, na kama ni kibarua, ujira wake nao hupumzika. Kwa hiyo twataka kusema juu ya miguu, maana wengi huona haya kuitaja mpaka hawawezi kuvaa kiatu.

Kwanza funza. Funza si uchawi wala laana, ni kiroboto. Kwao ni Amerika. Mwaka 1872 aliletwa Angola na meli iliyotoka Brazil, akavuka bara pamoja na misafara, na kabla ya karne ile kwisha alikuwa amefika Pwani yetu. Jike huingia katika ngozi, akavimba kama punje ya njegere, akataga mayai yaangukayo vumbini. Wako watu wanaochimbuana kwa pini moja, kambi nzima. Pini chafu yaweza kuleta pepopunda, na ile ya kushirikiana yaweza kupitisha UKIMWI. Nendeni zahanati. Siku hizi iko dawa ya mafuta, dimetikoni, inayomziba funza pumzi bila kuchimba. Na sakafu ya vumbi isiponyunyizwa maji na kusiribwa, funza atarudi.

Pili, fangasi wa vidoleni. Huyu hupenda buti lenye maji. Ngozi katikati ya vidole huwa nyeupe, huwasha, kisha hupasuka. Osha, kausha sana kati ya vidole, badili soksi, na upake dawa ya klotrimazoli. Mwasho ukiisha usiache dawa hapo hapo. Endelea kama ulivyoagizwa, la sivyo utaanza tena.

Tatu, kidonda cha muundi. Jiwe limeruka, limechubua, nawe wasema si kitu. Usitie mafuta ya taa wala unga wa betri. Osha kwa maji safi na sabuni, funika kwa kitambaa safi, uulize kama umechanjwa pepopunda. Kidonda kisichopona kwa majuma mawili ni cha kuonyeshwa daktari, maana huenda mishipa ya mguu imevimba, au una kisukari. Mwenye kisukari aweza kukanyaga msumari asisikie. Huyu na achunguze nyayo zake kila jioni, na asiende pekupeku hata nyumbani.

Nne, kuvimba miguu. Matende ya Pwani huenezwa na mbu. Lakini katika nchi za juu zenye udongo mwekundu wa volkano, mtu atembeaye pekupeku miaka mingi aweza kuvimba bila mbu, kwa sababu ya chembe za udongo zipenyazo ngozini. Ugonjwa huu umeonekana hata magharibi ya Kenya. Hauambukizi, basi msimkimbie mwenye nao. Ukishikwa mapema hupungua kwa kuosha miguu, kuipaka mafuta, kuifunga bendeji na kuvaa viatu.

Sasa tazameni: karibu kila dawa tuliyoitaja yahitaji kiatu kizuri na maji safi. Wako wasemao kwamba buti ni hisani ya mwenye kazi, tushukuru tukipewa. Sivyo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, kifungu cha 101, yamtaka mwenye kazi awape wafanyi kazi walio katika maji au vitu vya kudhuru mavazi ya kuwakinga, na viatu vimetajwa humo. Tena jozi moja haitoshi wakati wa mvua, kwa kuwa buti lililolowa leo halijakauka kesho asubuhi. Tudai jozi mbili, na sanduku la dawa lisiwe tupu.

Na ukiumia kazini, mwambie msimamizi siku ile ile, mwambie na mjumbe wa chama. Chini ya Sheria ya Fidia ya mwaka 2007, mwenye kazi akisha kupata habari ana siku 7 za kumpelekea Mkurugenzi taarifa. Jeraha lililofichwa halilipwi.

Lakini ndugu, nasi tuna wajibu. Anayepewa buti akaliuza sokoni siku ya mshahara ametunyima sote neno la kusema. Ataulizwa mjumbe wetu mezani, “Yale ya mwaka jana yako wapi?” naye atajibu nini? Vaeni buti zenu, zikaguliwe miguuni mwenu, kisha twende tukadai zilizobaki.

Ni sisi, wa genge la njia, Eldoret.