Seva Nairobi, bando Lokichoggio

Kijana wa Lokichoggio akitaka kuuza mbuzi mtandaoni, swali la kwanza huwa: seva iwe Nairobi au Ulaya? Nairobi ni karibu, sawa. Lakini kinachouma ni uzito wa data. Piga hesabu: wateja 200, kila mmoja afungue kurasa 10 kwa siku, ukurasa mmoja MB 2. Hizo ni GB 4 kila siku, GB 120 kwa mwezi. Wewe utalipia seva. Mfugaji wa Kakuma naye MB 20 za bando lake zimeliwa na picha. Starlink iliingia Kenya Julai 2023, ila sahani yake si ya kila mfuko. Bana picha, ukurasa ushuke hadi KB 200: mwezi mzima ni GB 12, na hapo hata seva ndogo inatosha.