Kibaka Hana Mwamuzi

Jumamosi iliyopita nilikuwa kwa kinyozi, nusu ya kichwa imeshanyolewa, redio ikiwa kwenye kipindi cha michezo. Msikilizaji mmoja akapiga simu kuuliza: hivi hawa walimu wa karate wa mitaani, ambao hatujawahi kuwaona kwenye mashindano, ni wazuri kweli? Mtangazaji akaangua kicheko. "Kama unaweza, njoo ulingoni," akasema. "Asiyeshindana ni mwoga tu aliyevaa pajama." Kinyozi akazima mashine ili apate kucheka vizuri. Mimi nikanyamaza. Mwenye nusu kichwa hagombani na aliyeshika mashine.

Sasa nimeshanyolewa chote.

Imani hii imetapakaa kila mahali. Mzazi anamleta mtoto dojoni na hata hajaketi anauliza: "Mna medali ngapi?" Kijiweni ndiyo usiseme. Ukiwaambia vijana kwamba mwalimu wako ana miaka thelathini na tano kwenye karate na hajaingia mashindano hata mara moja, wanakutazama kama umewaambia seremala wako hajawahi kushika randa.

Nianze na mimi mwenyewe, maana mimi nimeshindana. Miaka minne. Kanuni zetu, kama zilivyo kanuni nyingi za kumite, yaani pambano la karate la ana kwa ana, zilitaka ngumi ya usoni ije kwa kasi na nguvu zote, halafu ifunge breki upana wa vidole viwili mbele ya pua. Ukimgusa zaidi ya kiasi unaonywa. Ukimuumiza unatolewa. Kwa kufunga breki nilikuwa hodari, msinione hivi. Nina medali mbili za shaba, moja utepe wake umeliwa na panya.

Usiku mmoja natoka stendi naelekea nyumbani, kijana akanizibia njia kwenye uchochoro, akanikamata ukosi wa shati, akataka simu. Nikampiga. Yaani nilidhani nimempiga. Mguu uliingia, kiuno kikazunguka, ngumi ikatoka safi kabisa, ikasimama vidole viwili mbele ya pua yake. Nami nikasimama nayo, mkono umenyooka, nangoja. Namngoja mwamuzi anyanyue bendera! Kijana akaitazama ile ngumi, akanitazama mimi, akanizaba kibao cha sikio. Simu ikaenda.

Nilipomsimulia mwalimu, alicheka mpaka akakaa chini. "Sasa mwanangu," akaniuliza akifuta machozi, "bendera ilikuwa ya rangi gani?" Kesho yake akanisimamisha mbele ya makiwara. Ni ubao uliochimbiwa ardhini nyuma ya nyumba yake, umezungushiwa kamba ya mkonge, na Tanga hii mkonge haujawahi kuwa shida. Ngumi hamsini kila mkono, kila siku, na ole wako usimame kabla ya kamba. Ilichukua miezi mitatu. Mkono ukikaribia ulikuwa unapunguza wenyewe, kama punda aliyezoea kusimama kwenye duka lilelile hata siku ambayo mwenyewe hana haja ya kununua kitu.

Neno langu ndilo hilo, na nitalirudia mpaka mchoke: mwili hufanya ulichouzoesha. Ukiuzoesha kutafuta pointi, utatafuta pointi hata uchochoroni.

Mnaodhani natia chumvi kwa sababu ya simu yangu, twendeni Tokyo. Agosti 7, 2021, fainali ya karate ya Olimpiki, kumite ya wanaume wenye zaidi ya kilo 75. Tareg Hamedi wa Saudia anaongoza 4 kwa 1 dhidi ya Sajad Ganjzadeh wa Iran. Hamedi anaachia teke la juu, linamfika mwenzake kichwani, Ganjzadeh anaanguka na kuzimia. Wanamtoa kwa machela. Waamuzi wanateta, wanarudi, wanatangaza: Hamedi amepiga kwa nguvu kupita kiasi, ameondolewa. Dhahabu ikaenda kwa aliyelala. Ingekuwa dhahabu ya kwanza ya Saudia katika historia yote ya Olimpiki.

Msinielewe vibaya, waamuzi walifuata kanuni. Kanuni ndizo nazozungumzia. Karate ilibuniwa ili aliyekuvamia aanguke na wewe urudi nyumbani. Pale Tokyo aliyeangusha alirudi na fedha, na aliyeanguka akaamka bingwa. Kama huo ni mchezo wenu, uchezeni, una uzuri wake. Ila mwenye kujifunza kitu kingine akiwaambia hauhitaji, mnamwita mwoga kwa hoja gani?

Na hawa waoga ni akina nani? Gichin Funakoshi, mwalimu wa Okinawa aliyeipeleka karate Tokyo mwaka 1922, ambaye karate yote ya Shotokan mnayoiona huku kwetu inatokana naye, hakuyataka mashindano. Wanafunzi wake waliyatamani, mzee hakubali. Alifariki Aprili 1957. Mashindano ya kwanza ya Japani nzima ya chama cha wanafunzi wake yakafanyika Oktoba ya mwaka huohuo. Kwetu eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi; wale hawakuzidisha sana. Morihei Ueshiba wa aikido naye aliyapinga mpaka anakufa mwaka 1969. Mtangazaji wetu, nadhani, angewapigia simu wazee hawa na kuwaambia wamevaa pajama.

Mfano wa judo unanikera zaidi, kwa sababu ule haukuwa msiba, ulikuwa uamuzi wa kikao. Zamani mcheza judo aliruhusiwa kuinama, kuishika miguu ya mpinzani kwa mikono na kumwangusha. Mbinu za namna hiyo ni za asili kabisa. Mwaka 2010 kanuni za kimataifa zikaanza kuzibana, na 2013 zikapiga marufuku kushika miguu kwa mikono, wasiofuata wakaadhibiwa. Ndiyo, judo ikapendeza zaidi kwenye televisheni. Lakini kijana aliyeanza mwaka ule amekua anasimama wima, miguu wazi, kwa uhakika kwamba hakuna mkono utakaoifuata. Mpelekeni huyo kwa mcheza mieleka yeyote wa kijijini muone.

Kuna hoja nyingine wanayonitolea kila siku, eti wasioshindana wanaogopa kupigwa. Hii naipenda. Mwalimu wangu ana meno mawili ya bandia na kidole cha mguu kisichokunjika. Wanadhani aliyapata maktaba? Dojoni tunapigwa kila Jumanne na Alhamisi, bure, bila daktari pembeni na bila mama zetu jukwaani kushangilia. Wengine wanasema medali humtisha mhalifu. Naam, namwona kibaka ameshika bisu, anauliza kwa adabu: "Samahani kaka, wewe unacheza uzito gani?" Na yule anayesema mashindano hujenga ujasiri, aende akapande bodaboda usiku bila kofia ngumu, atajengeka wiki moja tu.

Halafu cha kuchekesha, nyumbani kwa hawa wote ukutani kuna picha ya Bruce Lee. Mwaka 1964, kwenye mashindano makubwa ya karate ya Long Beach, Marekani, Bruce Lee alikuwepo. Alionyesha ufundi wake mbele ya watu, akashuka, akaenda zake. Hakushindana. Ukitafuta ubingwa wake utaangukia ndondi za shule, Hong Kong, mwaka 1958. Mshusheni basi ukutani, mbandike kijana wa mtaani kwenu aliyepata kombe la plastiki mwezi uliopita.

    

Ugonjwa huu wa medali na makombe ni wetu sote. Tunaumwa kupangwa namba. Baraza la Mitihani lilipoacha kutangaza kumi bora mwaka 2023, watu walilalamika kama wamenyang'anywa chakula, utafikiri mtoto hajui kusoma mpaka ajulikane ni wa ngapi. Wakati babu zetu walikuwa na akili ya kutosha. Nenda Lamu siku ya harusi utazame kirumbizi. Wanaume wawili na fimbo zao, zumari inalia, ngoma inapigwa, wanazungukana, fimbo zinagongana, mmoja anatoka na mwingine anaingia. Nimesimama pale saa nzima. Hakuna aliyeandika pointi, na bado kila mzee pale barazani alijua nani anaijua fimbo na nani amekuja kupigwa picha.

Mwalimu wangu nilimuuliza mara moja kwa nini hakuwahi kushindana. Alikuwa anaifunga upya ile kamba ya makiwara, hakuinua hata kichwa. "Nani aliniita kwenye ugomvi?" akajibu. Kisha akaniambia nimletee kisu akate kamba iliyozidi.

Ndugu mtangazaji, darasa letu ni saa kumi na mbili jioni, nyuma ya nyumba. Ada ni shilingi elfu kumi kwa mwezi. Wewe nitakulipia mimi. Pajama tutakuazima.