Viti maalumu: Mbunge huyu ametumwa na nani?

Na Mwandishi Wetu

MIAKA 40 imekwishapita tangu Tanzania ilipotenga viti 15 vya wanawake bungeni katika uchaguzi wa mwaka 1985. Idadi hiyo imepanda hatua kwa hatua, hata baada ya uchaguzi wa mwaka 2020 wabunge wa viti maalumu wakafikia 113. CCM 94 na Chadema 19.

Kwa hesabu hiyo, ni vigumu kudai kuwa utaratibu huu haukuzaa matunda. Bila viti hivyo, wanawake katika ukumbi wa Dodoma wangekuwa wachache mno. Utata uko kwingine: ni nani aliyemtuma mbunge huyo?

Mpiga kura haoni jina lake kwenye karatasi ya kura. Chama kilichopata walau asilimia tano ya kura halali za ubunge ndicho kinachopeleka orodha Tume ya Uchaguzi. Ndani ya CCM, wajumbe wa UWT mikoani hupiga kura za maoni, kisha vikao vya juu huamua. Mbunge wa namna hii anaufahamu vyema mlango alioingilia, na ndio anaoulinda. Hana jimbo, hana fungu la mfuko wa jimbo, na Katiba haimruhusu kuwa Waziri Mkuu, wadhifa uliotengwa kwa mbunge wa kuchaguliwa jimboni.

Sakata la Chadema lilianika udhaifu huo hadharani. Novemba 2020, wanawake 19 wakiongozwa na Halima Mdee waliapishwa, huku chama chao kikisema hakikupeleka orodha yoyote. Siku chache baadaye kikawavua uanachama. Hata hivyo, walibaki bungeni hadi Bunge hilo lilipomaliza muda wake mwaka 2025. Wananchi hawakuwachagua na chama kiliwakana, lakini posho ziliendelea.

Mdee huyo huyo, hata hivyo, ni ushahidi wa upande wa pili. Aliingia kwa viti maalumu mwaka 2005, akapata uzoefu, kisha akalinyakua jimbo la Kawe mwaka 2010 na kulitetea 2015. Ngazi, basi, ipo. Wanaoipanda hadi juu ndio wachache.

Kenya ilichagua njia nyingine. Tangu mwaka 2013, kila kaunti kati ya 47 humchagua mwakilishi wake mwanamke kwa kura za wananchi wote, wanaume kwa wanawake. Mwakilishi huyo akizembea, anajua atakayemwajibisha.

Hapa nchini, Tume ya Jaji Joseph Warioba ilipendekeza jambo linalokaribiana na hilo: viti maalumu vifutwe, na kila jimbo liwe na wabunge wawili, mwanamke na mwanamume. Pendekezo hilo halikupata nafasi ya kujaribiwa. Kura ya maoni ya Katiba Inayopendekezwa, iliyopangwa kufanyika Aprili 2015, iliahirishwa, na haijafanyika.