Ihsani ya Siku Kumi

Pana aina ya wema usiochunguzwi kwa sababu tu jina lake ni wema. Mtu akiiba huulizwa, akidhulumu hushtakiwa, bali akisafiri kutoka mbali ili kuwasaidia walioangukiwa na maafa, hupewa shukrani kabla kazi yake haijatazamwa. Makala haya yanauliza swali ambalo adabu yetu imelinyamazia: msafara wa kanisa uendao siku kumi kuwajengea watu waliobomokewa humsaidia nani, na kwa kiasi gani? Jibu langu ni kwamba, kwa namna uendeshwavyo aghalabu, humfaa msafiri kuliko mwathirika. Na kwamba sadaka ile ile ingefanya kazi kubwa zaidi kama ingewekwa mikononi mwa wale wakaao.

Kipimo changu ni mkoa wa Kagera. Jumamosi, tarehe 10 Septemba, 2016, yapata saa tisa na nusu alasiri, ardhi ilitetemeka kwa ukubwa wa 5.9. Kitovu chake kilikuwa upande wa Missenyi, karibu na mpaka wa Uganda, lakini Bukoba, Muleba, Karagwe na Kyerwa pia zilitikiswa. Watu 17 walikufa, mamia walijeruhiwa, na maelfu ya nyumba zilianguka au zilipasuka hata zisikalike. Shule kongwe za Ihungo na Nyakato ziliharibika. Tena msiba huo uliwakuta watu katika mwezi ambao mvua za vuli huanza, na Bukoba ni nchi ya mvua nyingi. Mwanzoni mwa Januari, 2017, Rais John Magufuli alitamka mkoani humo kuwa serikali haitamjengea kila mtu nyumba yake. Nyumba ya mkulima, basi, ikabaki juu ya mkulima mwenyewe, jamaa zake, na wenye huruma. Mlango wa ihsani ulikuwa wazi kabisa. Na mlango ukiwa wazi, ni haki ya mwenye nyumba kumtazama aingiaye.

Nyumba hizo hazikuanguka kwa kukosa wageni. Nyingi zilianguka kwa sababu matofali mazito yaliunganishwa kwa tope, bila lenta ya zege ya kuzifunga kuta, wala nondo za kuzishika pembe. Msonge wa zamani wa Wahaya, wa miti na majani, ulikuwa na kasoro zake, lakini ukitikisika haukumwangushia aliyelala ndani mzigo wa matofali. Dawa ya hali hii ni fundi mwashi ajuaye kufunga ukuta, saruji ya kutosha, na subira ya miezi. Sasa mtazame msafiri wetu. Ni karani, ni mwanafunzi, ni mfanyabiashara aliyechukua likizo. Moyo wake ni safi, lakini mkono wake haujawahi kushika mwiko wa kuashia. Katika siku kumi zake, mbili ni za njiani, moja ni ya ibada, na moja ni ya kuagana. Kwa siku sita zilizobaki atajenga ukuta ambao yamkini fundi wa kijijini atalazimika kuunyosha baada ya mgeni kuondoka, au, kwa kuona haya, atauacha vivyo hivyo umepinda. Tetemeko la pili halitauliza ukuta ulijengwa kwa upendo kiasi gani.

Kuna hasara nyingine isiyoonekana upesi. Katika kijiji kilichobomoka wamo waashi, maseremala, wafyatua matofali, na vijana wa kuchota maji na kubeba mchanga. Wao pia wamebomokewa. Kila siku ambayo mgeni anabeba tofali bila ujira ni siku ambayo kijana wa pale amekosa ujira ambao ungemnunulia bati. Mgeni hurudi kwake na hadithi ya uchovu. Mwenyeji hubaki na mikono mitupu, tena hutakiwa kuimba kwaya ya shukrani.

Gharama ya wema huu imewahi kupimwa, si kwetu, bali Honduras, katika Amerika ya Kati. Baada ya kimbunga Mitch cha mwaka 1998, makundi ya Wakristo kutoka Amerika ya Kaskazini yalikwenda huko kujenga nyumba. Mwalimu wa elimu ya jamii, Kurt Ver Beek, aliyachunguza mambo hayo na kutoa matokeo yake mwaka 2006. Aliona kwamba kundi moja lilitumia kwa wastani dola 30,000 hivi, nauli zikiwamo, ilhali nyumba moja iligharimu dola 2,000 hivi. Alipowauliza waliojengewa, wale waliopata nyumba kwa mikono ya wageni hawakuonekana kunufaika, kwa imani wala kwa maisha, kuliko wale waliopata nyumba kwa mikono ya wenyeji. Hata wasafiri wenyewe, ambao husemwa kuwa hurudi wakiwa watu wapya, ni wachache tu walioonyesha badiliko la kudumu. Dola 30,000 ni nyumba kumi na tano. Kundi likijenga moja, kumi na nne zimebaki njiani.

Asidhani msomaji kuwa nawasema Wazungu peke yao. Misafara ya makanisa ya miji yetu wenyewe inaweza kuchukua tabia zile zile: fulana za rangi moja, bango mbele ya basi, na picha ya bibi akipokea blanketi. Injili hufundisha sadaka ya siri. Sisi twaipiga picha. Tena msafara hufika pale gari lifikapo. Barabara ya lami itokayo Bukoba kuelekea Lusahunga hupita Muleba na Kagoma. Mjane aliyejenga kando ya lami huweza kuonwa na misafara mitatu. Mwenzake aliyejificha migombani, mwendo wa saa mbili kwa miguu, haonwi na hata mmoja. Katekista wa mtaa humjua. Balozi wa nyumba kumi humjua. Majirani katika chama cha kuzikana humjua hata kwa idadi ya wajukuu anaowalea. Mgeni wa siku kumi hawezi kumjua, na hana siku za kumtafuta.

Watetezi wa misafara wana hoja tatu. Ya kwanza ni kwamba mtu hatoi mpaka aone. Asiposafiri, mkoba wake hautafunguka. Kama hayo ni kweli, basi ni ugonjwa wa mtoaji, na si haki gharama ya dawa yake kukatwa katika fungu la mgonjwa mwingine. Asafiriye kwa ajili ya moyo wake na ajilipie, aite safari yake hija au matembezi, asiihesabu nauli yake katika sadaka ya waliobomokewa.

Hoja ya pili ni kali zaidi, wala haifai kufunikwa. Husemwa: fedha zikikabidhiwa wenyeji zitaliwa. Na kweli, Septemba ile ile ya 2016, Rais alitengua uteuzi wa viongozi wawili mkoani Kagera kwa tuhuma ya kufungua akaunti ya benki yenye jina lililofanana na ile ya maafa. Jambo hilo liliwachoma watu moyo. Lakini tulitazame vyema. Tuhuma ilijulikana, ikatangazwa na kuchukuliwa hatua, kwa kuwa fedha zile zilikuwa mahali ambapo wapo wenye haki ya kuuliza. Ni nani katika Kagera mwenye haki ya kuuliza hesabu ya msafara wa siku kumi? Fedha zake hukusanywa mbali, hutumiwa na waliozikusanya, na hesabu yake husomwa mbali. Kutoulizwa si uaminifu.

Hoja ya tatu ni kwamba kufika kwenyewe ni faraja. Hii naikubali. Aliyefiwa hufarijika kumwona aliyetoka mbali kwa ajili yake. Lakini desturi zetu zilikwisha kutufundisha namna ya kufika. Aendaye kuhani msiba huketi mkekani pamoja na wafiwa. Hashiki ufunguo wa ghala, wala hapangi nani ale kwanza. Mgeni na aje, aketi, asali, alie na waliao. Kisha alichokileta akikabidhi kwa wenye msiba.

Na wenye msiba hawa si watu wasiojiweza. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Ujerumani walianza kazi Bukoba mwaka 1910, na haikupita miaka kumi vita vikawaondoa. Waumini wa Kihaya, wachache na wachanga, wakashika wenyewe mafundisho na ibada. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na yatima walioachwa na maradhi hayo wengi walilelewa na bibi zao. Ndege ilipoanguka ziwani karibu na Bukoba tarehe 6 Novemba, 2022, ikiwa na watu 43, wavuvi ndio waliokimbilia kwanza kwa mitumbwi yao, na watu 24 wakaokoka. Nchi iliyolipa Kanisa Katoliki kardinali wake wa kwanza Mwafrika, Laurean Rugambwa, mwaka 1960, na kuwapa Walutheri wa dunia rais wao wa kwanza Mwafrika, Josiah Kibira, mwaka 1977, haiwezi kufanywa mtoto asiyejua kugawa mabati.

Nasemaje, basi? Nasema orodha ya wenye haja na iandikwe na mtaa na kijiji, isomwe hadharani kanisani na msikitini, na asiyeridhika aseme. Fundi na awe wa pale pale, alipwe ujira wake, na afundishwe kufunga lenta ikiwa hajui, maana ujuzi huo utabaki baada ya saruji kwisha. Mgeni mwenye ufundi wa kweli na akae miezi, chini ya amri ya wenyeji. Na hesabu na isomwe mbele ya waliosaidiwa, si mbele ya waliotoa peke yao.

Kanisa lisiloweza kutoa bila kuonekana, na lisiloweza kumwamini ndugu yake na gunia la saruji, halijafika bado kwenye ihsani. Limefika kwenye safari tu.