Gitare ya muzee matangani



Mwezi huu nilikuwa nimepanga kuendelea na habari ya watoto wakati wa likizo. Mnisamehe, tutairudilia. Kuna jambo lililotokea matangani hapa kwetu Kalemie, na tangu siku ile vijana wananisimamisha njiani, hata mbele ya kanisa, wakiuliza: "Muzee, ile muziki ya zamani ilikuwa zambi ao haikuwa?" Basi leo tuzungumze juu ya hilo.

Marehemu alikuwa muzee wa mtaa wetu, mtu wa Reli. Wengi wenu mnaoishi hapa mlimjua kama muzee wa korali, yule wa kukaa nyuma karibu na mlango na kupiga wakati kwa mguu. Usiku wa pili wa kilio mjukuu wake aliingia ndani akatoa gitare chini ya kitanda. Aliomba ipigwe usiku ule, na kesho yake itangulie mbele ya sanduku mpaka kaburini. Kufika hapo, binti mkubwa wa marehemu alisimama. Ni mama wa sala, anayeheshimiwa sana katika parokia.

"Hapana," alisema. "Hatuwezi kumuzika baba na mambo ya bar. Mulikuwa bado kuzaliwa, hamujue. Ile gitare njo ilimalizaka falanga ya mama. Siku ya mushahara tulikuwa tunalala na njaa, baba yeye anapiga rumba mpaka asubui. Mungu alimutoa mule. Musimurudishe mule leo."

Hakuna aliyejibu. Mjukuu akauliza polepole: "Mama mukubwa, lakini alikuwa anapiga na banani?" Wakaleta picha moja, ya vijana wanne wenye suruali pana na viatu vya ncha kali, gitare mbili, ngoma moja, na mmoja ameshika chupa na kijiti. Ikapita mkono kwa mkono. Katika nyumba ile yote, watoto na wajukuu zaidi ya ishirini, hakuna aliyeweza kutaja jina la mtu hata mmoja wa wale watatu wengine, wala jina la kikundi chao.

Vijana, ile chupa mnaicheka, lakini ndiyo itakayotufungulia mlango. Gitare ya Katanga ya miaka ya 1950 haikuwa na umeme. Ilikuwa gitare kavu, ya mbao, na aliyeipiga alitumia vidole viwili tu, kidole gumba na kile cha kuonyesha. Gumba inatembea chini kwenye nyuzi nene, kile kingine kinacheza juu, na ukisikiliza bila kuona utaapa kuna watu wawili. Pembeni rafiki anagonga chupa ya soda, ti-ki-ti, ti-ki-ti. Basi. Kwa hiyo tu watu walicheza mpaka jogoo.

Bwana mkubwa wa gitare ile alikuwa Jean-Bosco Mwenda, mwana wa Bunkeya, aliyezaliwa mwaka 1930. Mwaka 1952 mzungu wa kukusanya nyimbo, Hugh Tracey, alimkuta Jadotville, mji tunaouita sasa Likasi, akamrekodi. Wimbo wake "Masanga" ulitoka kwa disiki za Gallotone za Johannesburg na kuenea Afrika nzima. Mwaka 1969 Bosco alifika Marekani, akapiga mbele ya watu wa Newport. Alikufa kwa ajali ya barabara mwaka 1990. Pamoja naye mtie Edouard Masengo, aliyeishi Nairobi kwa muda, akarudi, akafariki mwaka 2003, na Losta Abelo.  Waliimba Kiswahili chetu, hiki cha kambi za kazi na cha soko, juu ya wachumba, juu ya safari, juu ya mushahara usiotosha. Kwangu mimi hilo ni jambo kubwa kuliko ufundi wa vidole. Mfanyakazi wa migodi alisikia maisha yake ndani ya fono, kwa luga ya nyumbani kwake.

Na kwa nini muziki ule ulipata nafasi hapa Kalemie, mji usio na shaba? Angalieni ramani. Mji wetu uliitwa Albertville mpaka mwaka 1966. Reli kutoka Kabalo ilifika ziwani mwaka 1915, na ng'ambo ya maji kuna Kigoma, ambako reli nyingine inaanza mpaka Dar es Salaam. Kila mzigo ulipita hapa, na kila mzigo una mtu wake, na mtu ana wimbo wake. Kisha vita ya 1914-18 askari na wapagazi waliotoka pande za mashariki walikuja na beni, ngoma ya kuiga bendi ya jeshi, yenye wakubwa wake, makapteni na majenerali wa kujitungia. Ilizaliwa pwani ya Waswahili, ikapanda mpaka miji ya Katanga. Baadaye kwenye kambi kukawa malinga, watu wanacheza wawili wawili kwa akordeoni na likembe. Kwetu kulikuwa wanyarwenzo wa makaa ya mawe kule Greinerville, wafumaji wa Filtisaf, watu wa bandari, watu wa Reli, na wageni waliotoka Manono kwa mabati ya Géomines. Mtabwa, Muluba, Muholoholo, Mubembe na mtu wa Kigoma, wote uwanja mmoja. Luga iliyowaunganisha ni Kiswahili, na ala ya kuinunua kwa bei ya maskini ni gitare.

Kisha rumba ya Léopoldville ikaja na kufunika kila kitu. African Jazz ya Kabasele ilianzishwa mwaka 1953, OK Jazz mwaka 1956. Mwanzo wa 1960, wakati wakubwa wa Congo walikuwa Bruxelles kwa Meza ya Duara, Kabasele na wenzake walitunga kule "Indépendance Cha Cha". Radio ikaipeleka kila mahali. Vijana wa wakati ule, kama marehemu wetu, waliacha gitare kavu wakatafuta ya umeme, wakajifunza maneno ya Kilingala bila kuelewa nusu yake. Mnacheka? Na ninyi leo mnaimba Kiingereza cha Nigeria mkielewa nini?

Hapa lazima niseme kwa haki: mama yule hakusema uongo. Ninyi wasomaji wa Kolwezi, Kipushi na Likasi mnaijua siku ya mushahara. Kampuni zilitoa poso, lakini falanga zililipwa mkononi mwa bwana, na kutoka mlango wa malipo mpaka nyumbani bar zilikuwa nyingi. Mwanamuziki alikuwa na taabu mara mbili, kwa sababu yeye alinyweshwa bure. Nimeona nyumba zilizovunjika kwa njia hiyo, na sitaki kijana asome ukurasa huu akidhani wazee walikuwa malaika wenye gitare. Tena nyimbo nyingine zilidharau wanawake wazi wazi. Hizo sizililii.

Lakini kusema kwamba muziki wenyewe ulikuwa wa shetani, hapo ninakataa. Fikirini juu ya Joseph Kiwele. Alizaliwa mwaka 1912 huko Mpala, kwenye ziwa letu hili hili, misioni ya zamani ya Mapadri Weupe, akawa mtungaji mkubwa wa nyimbo za kanisa kule Élisabethville. Alifariki mwaka 1961. Fikirini juu ya Kamina, mji wa reli kama wetu. Pale padri Guido Haazen, Mfransiskani, alikusanya watoto wa shule na walimu wao, na mwaka 1958 wakaimba Misa kwa sauti na ngoma za Kiluba. Ndiyo "Missa Luba", iliyozunguka Ulaya mwaka ule ule. Wakati huo huku kwetu ala ya kanisa ilikuwa harmonium tu, na mtu akileta ngoma mlangoni anarudishwa. Mtaguso wa Vatikano ulipotoa mafundisho yake juu ya Liturjia, Desemba 1963, ulifungua mlango kwa muziki wa mataifa. Mwaka 1988 Roma ilikubali Misa kwa desturi ya Zaïre, ile tunayocheza nayo leo kuzunguka altare. Sasa jiulizeni: siku mlango ulipofunguliwa, nani alikuwa na mikono iliyozoea gitare na ngoma? Mapadri? Masista? Walikuwa wale wale wa bar. Hakukuwa na wengine.

Na wakati ule usiku wetu haukuwa na muziki sana. Juni 1964 Wasimba waliingia Albertville, wakakaa mpaka mwisho wa Agosti. Walioishi miezi ile wanasema walisikia mbwa na bunduki tu. Kisha ikaja miaka ya Mobutu, "animation", wafanyakazi wanaitwa kuchezea chama na nguo za picha ya mkubwa, na nyimbo za Bikira Maria zinabadilishwa maneno kuwa za Guide. Watu wazima walicheza kwa woga. Mimi ninaona ile iliharibu furaha ya kucheza kuliko bombe.

Wengi wenye vipaji waliondoka. Ndala Kasheba na kikundi cha Fauvette walikwenda Tanzania. Maquis, waliotoka upande wa Kamina, walijenga jina lao Dar es Salaam miaka ya 1970. Baba Gaston wa Likasi alipita Dar akaishia Nairobi. King Kiki wa Lubumbashi alikaa Dar mpaka alipofariki mwaka 2024, naye Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu, alifika kule mwaka 1978, akawa sauti ya maskini, na miaka yake ya mwisho aliacha dansi akaimba nyimbo za Mungu mpaka kifo chake mwaka 2010. Watanzania wanajua majina hayo yote, wanayaandika, wanayapigia kwenye radio. Ziwa ni lile lile. Sisi tuliobaki upande huu tuna picha zisizo na majina, tena si zote: siku ya tetemeko la 5 Desemba 2005, kuta zilipoanguka, disiki ngapi zilivunjika hapa mjini pamoja na sahani za chakula?

Turudi matangani.

Wakati wote huo kulikuwa muzee mmoja kwenye kona, mwenzake marehemu wa kazi, kipofu sasa. Aliomba ile picha. Hakuweza kuiona, alitaka kuishika tu. Akamwambia yule mama: "Mwanangu, unasema kweli juu ya falanga. Miye nilikuwaka pamoja naye, na miye pia nilikula poso ya bibi yangu. Lakini nikuulize. Ule wimbo wa Maria, munaimbaka kila mwezi ya tano, weye njo unaanzishaka, unajua gitare yake ilitoka wapi?"

"Ilitoka ku korali," mama akajibu.

"Ilitoka ku bar. Baba yako alikuwa anaipigaka siku ya posho, polepole, wakati watu wamechoka. Walipomuita ku korali, padri akamuuliza: unajua nini? Akasema: najua hii tu. Wakatia maneno ya Mama Maria juu yake. Chukueni gitare, mutasikia."

Mjukuu aliangalia mama mukubwa wake. Mama hakusema ndiyo, hakusema hapana. Kijana akaipiga, vibaya, juu nyuzi mbili zilikuwa zimekatika, lakini kila mtu aliutambua wimbo ule, na wamama wa korali wakaanza kuimba bila kuombwa. Muzee kipofu akagonga chupa ya Fanta kwa ufunguo wa nyumba yake.

Yule mama aliondoka akaenda jikoni. Nilimfuata baadaye kumpa pole. Alikuwa anachuja wali. Aliniambia: "Muzee, wimbo ni mzuri. Nimeuimba miaka makumi tatu. Lakini mama angekuwa hapa, ningemuuliza yeye kwanza." Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina.

Kesho yake gitare haikutangulia mbele ya sanduku. Ilibaki nyumbani, ukutani, na hapo ndipo ilipo. Lakini kabla ya muzee kipofu kurudi kwake, mjukuu alikaa naye na kalamu, akimweleza picha: huyu wa kwanza ana kofia, huyu ana pengo la meno, huyu ameshika chupa. Muzee akataja majina mawili. La tatu alisema limempotea, labda dada yake huyo mtu angelijua, yuko Moba kama angali mzima. Kijana anasafiri kwa mtumbwi wiki ijayo. Wenye picha kama hizo nyumbani, andikeni majina nyuma yake kwa kalamu ya risasi, wino unafutika kwa unyevu, na mkiwa na wazee wa kuulizwa, msingoje matanga.