Jicho la Kukodi

Wako wasemao kwamba mtu akimshuku mwenziwe, ana haki ya kukodi mpelelezi amwandame kwa siri. Hoja hiyo ni mbovu. Ralph Nader wa Marekani alipofichua kitabuni hatari za magari mwaka 1965, kampuni ya General Motors ilikodi wapelelezi wayachokore maisha yake. Hawakuambulia aibu yoyote. Mwaka 1966 mkuu wa kampuni aliomba radhi mbele ya kamati ya Seneti. Mwaka 1970 Nader akalipwa dola 425,000. Jicho la kukodi hutafuta alitakalo mlipaji, wala halitafuti kweli. Aliyedhulumiwa na ashtaki hadharani, kwa ushahidi, mshtakiwa apate kujibu. Faragha, ilindwayo na kifungu cha 31 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, hainunuliwi kwa fedha.